Daftari la Pili

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa klabu yetu ya kujitolea mjini Chake Chake, sikukabidhiwa ofisi wala meza, kwa kuwa vyote viwili hatukuwa navyo. Nilikabidhiwa daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huliita kaunta buku, likiwa limeshajaa zaidi ya nusu kwa mwandiko wa Maalim aliyenitangulia. Alikuwa mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, na alinipa daftari lile kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha amana. "Mwanangu," aliniambia, "klabu ndiyo hii. Watu watakuja na wataondoka, lakini daftari hili likipotea, na sisi tumepotea." Nilimwamini, na kwa miaka minne ya mwanzo niliandika kila kikao kama alivyokuwa akiandika yeye: tarehe, waliohudhuria, wenye udhuru, kilichoamuliwa, kilichotolewa na aliyekabidhi. Ninachotaka kusimulia hapa ni namna nilivyogundua kwamba daftari lile, pamoja na uaminifu wake wote, lilikuwa likitusifu tu.

Klabu ilianza kwa watu saba ukumbini kwa Maalim: walimu wawili, muuguzi, seremala, mwenye duka la vitambaa, dereva wa gari ya abiria na fundi cherehani. Maalim alipokuwa masomoni Dar es Salaam aliwahi kualikwa na rafiki yake katika mkutano wa Rotary, chama cha kimataifa cha vilabu vya kujitolea, akarudi Pemba na fikra moja iliyomkaa, kwamba watu wa kazi mbalimbali wakikutana kwa siku maalumu, kila mmoja anaweza kuleta ujuzi wa kazi yake kabla ya kufikiria kuleta fedha. Hatukuwa tawi la Rotary, wala la Lions, wala la chama chochote cha nje. Tuliandikishwa kama jumuiya ya hapa hapa, chini ya sheria ya Zanzibar ya mwaka 1995 inayohusu jumuiya, na tulichokiazima kwa wageni kilikuwa utaratibu wa vikao tu.

Kujitolea kwenyewe hakukutufikia kwa meli. Wazee wetu walikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha njia, kuchimba kisima au kuezeka nyumba ya mjane, ambayo asiyekuja alijulikana na mwenyewe alijijua. Walikuwa na wakfu, mtu akaacha mikarafuu au minazi yake ili mazao yahudumie msikiti na wasiojiweza baada ya yeye kufa. Na shughuli ya maiti mpaka leo haimsubiri mtu apelekewe barua ya mwaliko. Maalim alipenda kutueleza kwamba Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokutana na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshoni wa nguo, na kwamba jina hilo lilitokana na desturi yao ya kuzungusha mikutano katika ofisi za wanachama. Kisha huongeza, akitabasamu, kwamba mwaka huo huo wa 1905 ndio ambao Ikhwan Safaa, chama cha taarab ambacho kipo mpaka leo, kiliundwa Unguja. "Wao wakizungusha ofisi," alikuwa akisema, "sisi tulizungusha udi na fidla." Jambo ambalo hakuwa akilitaja, nami nimelijua baadaye kwa kusoma, ni kwamba Rotary haikuwafungulia wanawake mlango wa uanachama duniani kote mpaka mwaka 1989. Klabu yetu ilikuwa na wanawake wawili tangu kikao cha kwanza, muuguzi na fundi cherehani, na hilo silitaji kwa kujisifu, kwani bila ya wao nyumba nyingi tulizozihudumia tungeishia kwenye baraza zake.

Mimi niliingia kwa mlango wa msiba. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama baharini upande wa Nungwi. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, na wengi waliokuwamo walikuwa wakirudi makwao. Mamia walikufa. Sikukijua kijiji hata kimoja hapa petu ambacho hakikuwa na mtu wa kumlilia au wa kumsubiri. Nilikuwa na umri wa miaka 24, na mtoto wa ami yangu alikuwa ndani ya meli ile.

Asubuhi hiyo, wakati watu wakikimbia huku na huku na simu zikiita bila ya kupokelewa, nilimkuta mwanamke mmoja ameketi chini ya mwembe karibu na nyumba ya sheha, kwenye kiti cha plastiki, na daftari la mtoto wa skuli mapajani. Alikuwa akiandika jina la msafiri, la baba yake na la babu yake, nguo aliyoondoka nayo, na nambari ya simu ya jamaa wa kutafutwa. Hakuna aliyemtuma. Alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, hata waliokuwa wakilia zaidi kuliko kusema, na akimaliza alimsomea alichoandika ili kisiwe na kosa. Ilipofika zamu yangu aliniuliza, "Alivaa nini?" Sikujua. Akaniambia kwa sauti ile ile, "Basi nenda kamuulize mama yake, mwanangu, kisha urudi. Mimi sitoki hapa." Nilikwenda, na niliporudi baada ya kama saa moja nilimkuta pale pale, jua limeshamfika, kasogeza kiti kidogo tu. Kilichomtambulisha ndugu yangu, alipopatikana, ni shati la mistari ambalo mama yake alilieleza asubuhi ile.

Yule mwanamke ndiye fundi cherehani wa klabu. Alikuja matangani, kama walivyokuja wengi. Ilipofika arubaini, na wengi wameshapungua, alikuja tena, akakaa na shangazi yangu jikoni, akamenya muhogo. Nilijiunga na klabu wiki iliyofuata, nikidhani nimevutiwa na daftari lake chini ya mwembe. Ile ziara ya arubaini sikuipa uzito wowote, na ilinichukua miaka kuielewa.

Mwaka 2017 mtu mmoja mwenye uwezo alituahidi mchango, akaomba orodha ya kazi zetu na picha zake kama zilivyo sasa. Orodha ilikuwa rahisi. Nilifungua daftari nikahesabu: matangi manne ya maji ya mvua, madawati, vyandarua, vyerehani kwa kikundi cha akina mama, miwani kwa wazee, kambi kadhaa za kuchangia damu. Kwa picha za wakati huo sikuwa na lolote. Kwa hiyo nilichukua gari ya abiria nikaenda Micheweni, kwenye skuli moja tuliyoipa tangi la lita elfu tano miaka mitatu kabla. Sehemu kubwa ya upande ule ardhi ni ya mawe, visima ni vya taabu, na maji ya masika yakikingwa vizuri huwatosha watoto kwa muda mrefu katika miezi ya kiangazi.

Tangi lilikuwepo. Jina la klabu tuliloliandika kwa rangi nyeupe halikuwa limefutika hata herufi moja. Mfuniko haukuwepo. Mchirizi wa bati uliokusanya maji ya paa ulikuwa umeng'oka upande mmoja na kufungwa kwa kamba ya usumba, kwa hiyo nusu ya mvua ilikuwa ikimwagika ukutani. Mfereji, yaani koki ya kutolea maji, ulikuwa umevunjika shingo. Mtu alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha kandambili kilichochongwa kwa kisu, akakizungushia mpira wa baiskeli mara nyingi mpaka pakawa na uvimbe kama wa goti, na chini yake maji yakidondoka taratibu kwenye ardhi iliyoota majani mabichi. Pembeni palikuwa na jiwe kubwa. Nilipokuwa nimesimama alikuja msichana wa kama miaka tisa, akapanda jiwe, akashusha kopo lililofungwa kamba kupitia juu, akalivuta, akalitazama ndani, akaondoa kitu kwa kidole, kisha akanywa.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini hawakutwambia. Alikuwa mtu mzima, mpole, na nadhani aliona haya kwa niaba yangu. "Bwana Katibu," alinijibu, "mtu amekupa shati. Utamwendea kumwambia kifungo kimekatika?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Chake na jioni ile nikafungua daftari kwenye tarehe ya makabidhiano, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: "Tangi limekabidhiwa mbele ya wazee na walimu. Hafla imefana." Chini yake mweka hazina alikuwa amebandika risiti za chai, sambusa na fulana za wanachama. Koki mpya wakati ule haikuzidi nauli yangu ya kwenda Micheweni na kurudi. Kwa fedha za hafla ile moja tungenunua koki za kubadilisha mpaka watoto wa darasa la kwanza wamalize masomo. Nilipitia kurasa zote, za Maalim na zangu, nikitafuta neno moja la kuonesha kwamba kuna mtu alirudi mahali kuangalia. Yalikuwepo mawili, yote kwa mwandiko wa Maalim, na yote yalihusu fundi cherehani: "Bi mkubwa amepita tena kule."

Siku ya pili nilinunua daftari jingine, dogo. Kila kitu tulichowahi kukitoa nilikipa ukurasa wake, nikachora safu nne: tarehe ya kurudi, nilichokikuta, niliyezungumza naye, kinachotakiwa. Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuviandika. Mweka hazina, ambaye nampenda kwa ukweli wake, alilipinga pendekezo langu la kutenga fungu la kurudi kwa kila kazi mpya. "Fedha ya kurudi hakuna mchangiaji atakayeitoa," alisema. "Kila mtu anataka kununua tangi. Nioneshe anayetaka kununua koki." Alikuwa na haki, na mpaka leo sijamwona mchangiaji wa namna hiyo. Tulichoafikiana mwishoni ni kwamba michango ya nje itanunua vitu, na ada zetu wenyewe, shilingi 5,000 za kila mwezi, zitalipia nauli, koki, misumari na simenti ya kurudia. Naamini ndio uamuzi mkubwa kuliko wote klabu iliowahi kuufanya, na hauna picha.

Maalim, ambaye kwa wakati ule alikuwa akihudhuria kwa mkongojo, alisubiri kelele zitulie ndipo akazungumzia polio. Rotary ilipoanzisha kampeni yake ya polio mwaka 1985 ililenga kukusanya dola milioni 120, na miaka mitatu baadaye ilikuwa imekusanya milioni 247. "Fedha zilipatikana kwa miaka mitatu," alisema. "Basi mbona mpaka leo wanapita majumbani?" Kisha akatueleza jinsi chanjo ile inavyotolewa: mtoto yule yule, matone mawili, nyumba ile ile, mara nyingine tena na mara nyingine tena, kwa sababu dozi moja haitoshi na kwa sababu kila mwaka wanazaliwa wengine. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili tarehe 25 Agosti 2020. Nilipoisikia habari ile kwenye redio nilishika simu kumpigia, nikakumbuka kwamba tumeshamzika.

Matengenezo yenyewe hayakuwa kazi ngumu. Seremala wetu alirudisha mchirizi kwa vyuma badala ya misumari, mfuniko mpya tukaufunga kwa mnyororo mfupi, kwani maji yaliyotulia ndani ya chombo kilicho wazi ndiyo mazalio ya mbu wa homa ya dengi, na tukamwachia mwalimu mkuu koki ya akiba na mipira yake kwenye droo. Jambo lililosaidia zaidi lilikuwa la seremala, si langu: aliwaita wanafunzi wanne wa madarasa ya juu, akaifungua koki mbele yao mpaka kipande cha mwisho, akawaambia waifunge wenyewe. Waliifunga vibaya, ikavuja, wakaifungua tena. Mmoja wao sasa ni fundi bomba hapa mjini, naye hututoza pesa kama anavyomtoza kila mtu, jambo ambalo mweka hazina hajalisamehe.

Kurasa nyingine zilikuwa chungu. Nilipokwenda kuangalia vyerehani nilikuta viwili vimeuzwa. Nilirudi na hasira, nikaandika neno moja katika safu ya pili: "Vimeuzwa." Fundi cherehani alipolisoma aliniuliza sababu. Nikamwambia sikuuliza. Akalifunga daftari, akanirudishia. "Basi hukwenda," alisema. "Ulipita tu. Rudi uandike na sababu." Nilirudi. Kimoja kiliuzwa kumpeleka mtoto Unguja kwa matibabu. Cha pili kiliuzwa kwa sababu mahali pale hapakuwa na kazi ya kushona ya kuwatosha watu watano, na hilo tungelijua kabla ya kutoa kama tungeuliza ni nani atakayeshonesha. Tangu hapo safu ya tatu ndiyo ninayoitazama kwanza, maana ikiwa na jina la mtu mmoja tu ambaye ni kiongozi wa kikundi, basi ziara ile haijakamilika.

Katika uchangiaji damu tulijifunza jambo hilo hilo kwa haraka zaidi, kwa sababu damu haimsubiri mtu mvivu. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwa takribani wiki tano au sita, kwa hiyo kambi moja kubwa yenye bendera na spika husaidia mwezi mmoja tu, kisha friji hurudi kuwa tupu. Mwanamume huweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Tuliacha kambi kubwa, tukaanza kuweka orodha ndogo ya watu tunaowakumbusha kwa simu kila mmoja kwa wakati wake. Mwezi wa Ramadhani, ambapo wachangiaji hupungua kwa ajili ya funga, tunawaomba walio tayari wachangie usiku baada ya tarawehe, wakiwa wameshakula na kunywa vya kutosha. Idadi yao kwa usiku mmoja haimvutii mpiga picha.

Sitaki msomaji adhani tumekuwa malaika. Msimu wa karafuu ukiingia vikao vyetu hubaki na watu watano, wanne wakiwa wanasinzia kwa uchovu wa kuchuma na kuchambua, na kuna mwaka mzima ambao daftari la pili lina ziara tatu tu. Vilevile ni msimu ambao ada za nyuma hulipwa kwa mkupuo, kwa hiyo mweka hazina huwa na fedha na hana wa kuzipeleka. Tumelijaribu hili kwa faini, kwa zamu, hata kwa kuhamisha siku ya kikao, na halijapata dawa. Siku hizi tunafanya ziara nyingi kabla ya mavuno na tunaiachia mikarafuu haki yake.

Mwaka huu nimeachia ukatibu. Aliyechaguliwa ni muuguzi kijana, mwepesi wa kuuliza, nami nilimpa madaftari yote mawili kwa mikono miwili kama nilivyopewa. Kubwa alilipitia kwa heshima. La pili alilifungua katikati, akafuata mistari kwa kidole, akasimama kwenye ukurasa wa Micheweni, ambao safu zake za mwisho zilikuwa tupu.

"Kaka, hapa mbona pana pengo? Ya mwisho ni ya mwaka juzi."

"Sijarudi."

Hakuniambia pole wala hapana neno. Aliuliza nauli imefika kiasi gani siku hizi, na kama seremala bado anapatikana siku za Jumanne. Jumanne walikwenda wote wawili, na koki mbili ndani ya mkoba wake wa kazini. Mimi nilibaki nyumbani, karafuu zangu zilikuwa juani na wingu lilikuwa likijikusanya upande wa Wete.